Dondoo Muhimu: Adabu za Mvutaji Katika Kiwanja cha Gofu

Katika kiwanja cha Mombasa, kilicho ukingoni mwa bahari, yampasa mvutaji kwanza autambue upepo uvumako, uwe wa kaskazi au wa kusi, kisha awatake idhini wenziwe, na hata yule ambebeaye fimbo, ambaye kwa kuwa yu kazini hana pa kuukimbilia moshi. Mwenzio asimamapo kuulenga mpira, kiberiti kisiwashwe kabisa. Biri usiilaze penye majani mafupi yazungukayo shimo, kwani hutiwa dawa za kuua wadudu, nawe waazimu kuirejesha kinywani. Iegemeze juu ya kijiti cha kuwekea mpira. Kipande cha biri kukifukia mchangani ni ufidhuli mtupu: kitie katika kikopo chenye kifuniko, hasa wakati wa kiangazi, majani yakaukapo.