Mwenye Nyumba na Mpangaji Wake

Ndugu wasomaji, mwezi huu twataka kujifunza jambo moja ambalo huonekana dogo, lakini huvunja ujirani wa watu wengi katika miji yetu. Ni jambo la mwenye nyumba na mpangaji wake: ni nani apasaye kuitunza nyumba, na ni wapi ulipo mpaka ambao mwenye nyumba hana ruhusa kuuvuka pasipo kubisha hodi. Nanyi walimu wa mitaa, mnaoitwa mara kwa mara kusikiliza mashauri ya namna hii, lisomeni somo hili polepole, kisha mlizungumze pamoja na watu wenu.

1. Jinsi jambo hili lilivyoingia kwetu

Zamani katika nchi ya Usukuma mtu aliyehitaji nyumba aliijenga. Alikata miti, jirani wakamsaidia, na msonge ukasimama. Mgeni aliyefika alipewa mahali pa kulala na chakula. Hivyo desturi zetu zina maneno mengi juu ya mgeni, juu ya ng'ombe na juu ya shamba, bali juu ya mpangaji zina maneno machache.

Lakini mji umekuja. Mwaka 2012 mkoa wa Simiyu ulitengwa na mkoa wa Shinyanga, na Bariadi ikafanywa makao makuu yake. Wakaja maofisa wa serikali, walimu, waganga na wafanya biashara, na wote walitaka mahali pa kulala. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha watu 1,584,157 katika mkoa mzima. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha watu 2,140,497. Tena katika miaka ya 2018, 2019 na 2020 maonyesho ya taifa ya Nane Nane yalifanyika Nyakabindi, nje kidogo ya mji, na wageni wakawa wengi. Wenye viwanja wakaongeza vyumba nyuma ya nyumba zao, wakapangisha. Basi leo watu wasiojuana hukaa katika ua mmoja, wakitumia bomba moja, choo kimoja na luku moja. Si ajabu wakigombana.

2. Mfano

Tuseme yuko mjane mmoja mwenye nyumba ya vyumba vinne. Viwili hukaa yeye na wajukuu wake. Viwili amempangisha mwalimu kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Mwalimu alilipa kodi ya miezi sita mbele. Fedha ile ndiyo iliyonunua sare na madaftari ya wajukuu, maana pamba ya mwaka ule haikumpa mama kitu. Hawakuandika hati yo yote.

Mvua zilipoanza, bati likavuja juu ya kitanda cha mtoto. Mwalimu alimwambia mama mara mbili, naye alijibu, "Nitatafuta fundi." Fundi hakuja. Wakati uo huo mke wa mwalimu alikuwa akimwaga maji ya kufulia karibu na ukuta wa nyuma, na matofali, kwa kuwa ni ya udongo usiochomwa, yakaanza kulainika na kumomonyoka.

Siku moja wapangaji walikwenda zahanati na mtoto. Mama akachukua ufunguo wake wa pili, akafungua, akaingia kutazama ukuta. Ndani akaona misumari mingi imepigwa ukutani. Akaona pia nguo na barua na vyombo vya watu. Jioni akawasimulia jirani yote aliyoyaona.

Mwalimu aliposikia akawaka hasira. "Mama," akasema, "umeingia chumbani mwangu kama mwizi!"

Akajibu, "Mwalimu, nyumba hii ni yangu, marehemu mume wangu aliijenga kwa jasho lake. Je, mtu hubisha hodi nyumbani kwake mwenyewe?"

Mwalimu akasema hatalipa tena hata senti moja. Mama akasema, "Basi hama kesho." Mtoto anakohoa kwa baridi, na mama hana fedha ya kumrudishia mtu kodi ya miezi iliyobaki. Je, ni nani mwenye haki?

3. Nyumba ni ya nani?

Neno la mama lina nguvu masikioni, kwa maana nyumba ni yake kweli. Lakini tufikiri. Mkulima akimkodisha jirani ng'ombe wake wa kulimia kwa siku moja, ng'ombe ni wa nani? Ni wa mwenyewe. Hata hivyo hawezi kuja saa nne, jirani akiwa katikati ya mfuo, akawafungua jembeni kwa kusema, "Ni wangu." Ameiuza kazi ya siku ile, naye amepokea fedha yake. Na jirani naye hana ruhusa kuwapiga hata kuwatia majeraha, maana jioni atawarudisha kwa mwenyewe. Ndivyo ilivyo nyumba. Mwenyewe ameiuza nafasi ya kukaa kwa miezi kadhaa. Ukuta umebaki kuwa wake, lakini utulivu ulio ndani ya ukuta ameuuza.

Sheria ya nchi husema vivyo hivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huweka ndani ya kila upangaji ahadi ya kwamba mpangaji alipaye kodi na kushika masharti atakaa kwa amani pasipo kusumbuliwa na mwenye nyumba. Tena Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, humpa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, ya jamaa yake na ya maskani yake. Haikusema kwamba maskani hiyo sharti awe ameijenga mwenyewe.

Wala neno hili si geni kwa wasomaji wa Torati. Katika Kumbukumbu la Torati 24:10-11 mtu anayemdai mwenzake anakatazwa kuingia nyumbani mwake kuchukua rehani. Anaagizwa asimame nje, mpaka mdaiwa amletee. Ikiwa mwenye kudai amewekewa mpaka mlangoni, mwenye nyumba ambaye amekwisha kulipwa asimame wapi?

Basi kanuni ni hizi. Mwenye nyumba akitaka kuingia kukagua au kutengeneza, atoe habari mapema, aje mchana, na mpangaji awepo au amtume mtu wake. Ikiwa ni moto, au maji yanafurika, au mtu analia ndani, aingie mara moja, na akitoka atoe habari. Ufunguo wa pili uwekwe kwa ajili ya hatari kama hizo tu. Na aliyoyaona ndani ya chumba cha watu asiyatoe nje.

Lakini mpangaji naye asifanye faragha kuwa ngao ya uharibifu. Mwenye nyumba akiomba kwa adabu kuutazama ukuta wake, asizuiwe. Methali husema, "Nyumba usiyolala ndani huijui hila yake." Mwenye kulala ndani ndiye anayeiona nyufa kwanza, kwa hiyo ndiye apasaye kusema kwanza.

4. Utunzaji wa nyumba

Hapa kazi ni za watu wawili, na magombano mengi hutoka kwa kutokujua ipi ni ya nani.

Kazi ya mwenye nyumba ni paa, kuta kubwa, mifereji ya maji machafu, na vile vinavyotumiwa na watu wote, kama choo na ua. Mtu akipangisha sehemu ya jengo, sheria humtaka avitunze vitu hivyo. Si kazi ya mpangaji kununua bati.

Kazi ya mpangaji ni usafi wa kila siku, kutumia vitu kwa upole, na kuirudisha nyumba kama alivyoipokea. Alichokivunja kwa uzembe akilipe. Lakini kilichochakaa kwa miaka, kama rangi iliyofifia au kitasa kilicholegea, si deni lake. Akitaka kupigilia misumari au kubadili kitu, aombe kwanza.

Katika nchi yetu matofali ya udongo yana adui mmoja mkubwa, ndiye maji. Maji ya paa na ya kufulia yakikaa penye msingi, ukuta hunywa kutoka chini, na mvua kubwa ikija huanguka ghafula. Kwa hiyo mfereji mdogo wa kupeleka maji mbali ni bora kuliko kuta mbili mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta ukianguka usiku hauulizi aliyelala ni mwenye nyumba au mpangaji.

Mpangaji akitengeneza kitu ambacho ni cha mwenye nyumba, asikate fedha katika kodi kwa nia yake tu. Wapatane kwanza bei, aonyeshe stakabadhi, kisha wakate.

5. Hati

Wengi husema, "Sisi twaaminiana, hati ya nini?" Ndugu, hati si dalili ya kutoaminiana, ni msaada wa kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yatosha, wakiandika mambo haya:

(a) majina ya wote wawili, na vyumba vilivyopangishwa;
(b) kodi, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza;
(c) hali ya nyumba siku ya kuingia: bati, milango, vitasa, madirisha, kuta;
(d) ni nani atengenezaye nini, na umeme na maji vitagawanywaje;
(e) mwenye nyumba ataingiaje, na kwa taarifa ya siku ngapi;
(f) taarifa ya kuhama au kuhamishwa.

Watie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na kila mmoja apate nakala. Kila kodi inapolipwa, iandikiwe stakabadhi.

Na ijulikane kwamba sheria ya mwaka 1984 iliyoweka mipaka ya kodi za nyumba, na mabaraza yake, ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo kodi ni mapatano ya watu wawili, na ulinzi wa mnyonge umo zaidi katika yale yaliyoandikwa. Pasipo hati, mtu alipaye mwezi kwa mwezi hastahili kuambiwa "Hama kesho": taarifa isipungue muda wa kodi yake, yaani mwezi.

6. Shauri likiwa gumu

Kwanza wazungumze wawili peke yao, tena mchana, hasira ikiisha kupoa. Wasipopatana, wamwite mzee wanayemheshimu wote, au mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana, liko baraza la kata. Mabaraza haya yamo katika Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002; lakini tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza la kata hupatanisha tu, halikati hukumu. Likishindwa kuwapatanisha katika siku 30, shauri huenda mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mtu asijichukulie sheria mkononi. Mwenye nyumba asing'oe mlango, asikate umeme, asitupe vyombo nje. Mpangaji naye asihame usiku na kodi ya watu, wala asiharibu kwa kulipiza kisasi.

7. Mwisho wa mfano wetu

Tuseme basi mzee mmoja wa mtaa aliitwa. Hakuuliza, "Nani ana kosa?" Alimwuliza mama, "Kosa lako ni lipi?" Kisha akamwuliza mwalimu vivyo hivyo. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe mama akakiri kwamba bati lilikuwa kazi yake, na kwamba aliingia pasipo hodi. Mwalimu akakiri maji ya kufulia na misumari. Wakapatana: mama anunue mabati mawili, mwalimu achimbe mfereji na kusiriba ukuta, ufunguo wa pili ufungwe katika bahasha, na wote wawili watie sahihi juu yake.

Bati lilipigwa, na mtoto akalala pakavu. Lakini maneno yale mama aliyowasimulia jirani hayakuweza kurudishwa. Miezi sita ilipokwisha, mwalimu alihama kwa amani, akaziba matundu ya misumari, akakabidhi funguo. Mama alisikitika, maana mpangaji alipaye kwa wakati si rahisi kumpata. Mpangaji wa pili alipokuja, kabla hajaingiza kitanda, mama alimletea karatasi na kalamu.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika mfano wetu, ni kosa lipi lililotangulia? Je, kosa la kwanza huondoa la pili?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kuwa na nyumba na kukaa ndani yake.
3. Katika mtaa wenu, ni nani atengenezaye choo cha watu wote? Je, imeandikwa?
4. Mwenye nyumba akishuku kwamba mpangaji anauharibu ukuta, afanye nini kabla ya kushika ufunguo?
5. Wewe unayepangisha au uliyepanga, unayo hati? Kama huna, utaiandika lini?