Tundu la Kamera

Mtazame paka mchana wa jua kali. Mboni ya jicho lake imebana, imekuwa nyembamba kama ufa wa mlango. Mtazame tena usiku karibu na koroboi. Mboni ile ile imepanuka, imekuwa duara kubwa jeusi. Mwanga ukizidi, paka huupunguza. Ukipungua, huuongeza. Jicho lako nalo hufanya hivyo.

Kamera pia ina jicho. Jicho hilo ni lenzi, yaani kioo cha mbele. Ndani ya lenzi mna tundu linaloweza kupanuliwa na kubanwa. Mwanga hupita katika tundu hilo na kuandika picha. Katika kamera za zamani picha iliandikwa kwenye filamu. Katika kamera za siku hizi huandikwa kwenye kipande kidogo kinachohisi mwanga. Kazi ya tundu ni ile ile.

Tundu lina kazi mbili. Ya kwanza tumeiona kwa paka: kupima mwanga. Ya pili wengi hawaijui, nayo ndiyo inayoharibu picha nyingi za watu. Tuijaribu kwa kitabu hiki.

Toka nje penye mwanga wa kutosha. Chukua kipande cha karatasi ngumu, ukitoboe kwa sindano au mwiba. Fumba jicho moja. Sogeza ukurasa huu karibu na jicho la pili mpaka herufi zivurugike, usiweze kusoma. Sasa weka tundu mbele ya jicho hilo, utazame herufi zile zile. (Usilitazame jua hata kidogo.) Umeona nini? Herufi zimetulia, zinasomeka. Lakini ukurasa nao umeingia giza kidogo.

Basi hapo umekwisha kujifunza jambo kubwa. Tundu dogo huonyesha vizuri vitu vya karibu na vya mbali kwa pamoja, lakini hupunguza mwanga. Tundu kubwa huingiza mwanga mwingi, lakini huonyesha vizuri umbali mmoja tu. Vilivyo mbele na nyuma ya umbali huo hutoka na ukungu. Mzee anayefinya macho ili amtambue mtu wa mbali anatumia kanuni hiyo hiyo, hata kama hajawahi kushika kamera.

Kwenye kamera, ukubwa wa tundu huandikwa kwa namba: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu namba ndogo ni tundu kubwa, na namba kubwa ni tundu dogo. Fikiri habari ya kugawa muwa. Muwa mmoja ukigawiwa watu 2, kila mtu hupata kipande kirefu. Ukigawiwa watu 16, kila mtu hupata cha kuonja tu. Namba za tundu nazo ni za kugawa. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa namba 2, tundu lina upana wa milimita 25. Ikiwekwa namba 16, upana ni kama milimita 3. Kila ukipanda hatua moja katika namba hizo, mwanga unaopita hupungua nusu.

Sasa tuseme umeitwa kupiga picha ya wanakisomo 30 waliomaliza mtihani. Wazee wamekaa kwenye viti. Nyuma yao wengine wamesimama, na nyuma kabisa vijana wamepanda juu ya benchi. Ukitumia namba 2, ukamlenga mwenyekiti aliye mbele, yeye atatoka vizuri mpaka kope. Vijana wa benchi watatoka na ukungu. Nao walilipa kama yeye! Huenda mmoja wao hatapigwa picha nyingine kwa miaka mingi. Wako wapiga picha wanaopenda tundu kubwa kila mahali, kwa sababu vitu vya nyuma hupotea na picha hupendeza. Kwa bibi harusi aliye peke yake, sawa. Kwa kikundi ni dhuluma.

Weka namba 8 au 11. Mlenge mtu wa mstari wa pili. Waombe watu wasogeleane, mbele na nyuma.

Lakini umebana tundu, na mwanga umepungua. Utaufidia kwa muda. Ni kama kujaza debe bombani: bomba likifunguliwa kidogo, debe hujaa vile vile, ila wewe utasubiri zaidi. Kama namba 5.6 inataka 1/125 ya sekunde, namba 8 itataka 1/60, na namba 11 itataka 1/30. Katika 1/30 mkono wako ukitikisika picha huharibika, na mtoto aliyepakatwa hatakungoja. Egemeza kamera juu ya meza, au hamishia watu penye mwanga zaidi. Ila saa sita mchana jua huweka vivuli vyeusi machoni. Afadhali saa tatu asubuhi au saa kumi jioni.

Jambo jingine. Kamera hudanganywa na weupe. Ukimpiga picha mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa, kipimo cha kamera hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza. Ukuta hutoka vizuri, uso hutoka kama kivuli. Watu wamepewa picha za namna hiyo wakaambiwa ndivyo walivyo. Sivyo. Panua tundu hatua moja au mbili, kwa mfano kutoka 8 kwenda 5.6 au 4. Au mwondoe mtu ukutani.

Je, na simu? Simu nyingi zina tundu moja lisilobadilika. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, nayo itapima mwanga wa uso huo. Ukungu mwingi wa nyuma katika picha za simu hutengenezwa kwa hesabu za simu yenyewe. Ndiyo maana mara nyingine hula sikio la mtu au ncha ya kilemba.

Maswali

1. Kati ya namba 4 na namba 11, ipi ni tundu kubwa zaidi?

2. Unapiga picha ya bibi na wajukuu wake 12 chini ya mwembe. Utaweka namba gani, na utamlenga nani?

3. Tafuta picha ya zamani ya kikundi nyumbani kwenu. Ni nani waliotoka na ukungu, wa mbele au wa nyuma? Eleza mbele ya darasa kwa nini.