Dhahabu ya Sekenke

Sekenke iko Wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Wajerumani walifungua mgodi wa dhahabu hapo mwaka 1909. Mwaka 1916, wakati wa vita, dhahabu hiyo ilitumika Tabora kutengeneza sarafu za rupia 15. Zilikuwa na picha ya tembo. Tembo wetu, dhahabu yetu, sarafu yao!

Dhahabu iliingiaje katika mwamba? Zamani sana, miamba ilipasuka chini ya ardhi. Maji ya moto yenye madini yalipita katika nyufa. Yalipopoa yaliacha jiwe jeupe, gumu, na dhahabu ndani yake. Pengine yaliacha shaba pia. Shaba ikipata maji na hewa, hulitia jiwe rangi ya kijani. Kwa hiyo wataalamu huangalia sana jiwe jeupe lenye madoa ya kijani.

Ndugu, ukiokota jiwe lenye chembe za njano zinazong'aa, usikimbilie kuuza mbuzi ununue sururu. Gonga chembe moja kwa nyundo. Dhahabu hubonyea, haivunjiki. Ikisagika kuwa unga, si dhahabu. Ikibonyea, nenda ofisi ya madini ukaulize habari za leseni.

Maswali
1. Rangi ya kijani juu ya jiwe huweza kuonyesha madini gani?
2. Utajuaje kwamba chembe si dhahabu?