Kuwafundisha Watoto Upepo kwa Vitendo

Swali: Mwalimu asiye na maabara afundisheje upepo, ilhali hauonekani?

Jibu: Upepo ni hewa inayosogea kutoka penye mgandamizo mkubwa, yaani inaposukuma kwa nguvu zaidi, kuelekea penye mgandamizo mdogo, na mtoto huuelewa vyema kwa kazi ya mikono. Kititia cha ukuti, kinachozunguka juu ya mwiba, huonyesha kasi. Kitambaa chepesi kilichofungwa kijitini huonyesha mwelekeo: kikipepea kuelekea kusini, upepo unatoka kaskazini, jambo ambalo ni rahisi kuligeuza, kwa hiyo lirudiwe kwa subira. Lenye thamani zaidi ni daftari la kila siku la mwelekeo wa upepo, kwani katika pwani ya Afrika Mashariki kaskazi, upepo utokao upande wa kaskazini, huvuma takriban Desemba hadi Machi, kisha kusi, utokao upande wa kusini, hushika zamu; walimu waanze kuandikisha mapema ili badiliko hilo lionekane daftarini.