Mfugaji Awe Mwalimu Katika Picha

Wahenga walisema, kusikia si kuona. Somo la ufugaji likisemwa kwa mdomo tu husahaulika upesi. Bali mtu akiuona mkono wa mwenzake ukifanya kazi, hurudi nyumbani akajaribu. Kwa hiyo picha za video, ambazo siku hizi hutazamwa hata katika simu, zaweza kuwa shule kubwa kwa wafugaji wetu. Lakini twauliza: katika shule hiyo mwalimu awe nani?

Jambo hili si geni nchini. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika Usambara, zilitengenezwa filamu fupi 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na mengineyo. Waafrika walicheza humo, lakini mafunzo yalipangwa na wageni. Mkulima alionekana, hakuulizwa. Katika miaka ya 1990 pwani ya kusini iliona njia nyingine. Mradi wa RIPS, uliosaidiwa na Ufini katika mikoa ya Mtwara na Lindi, uliwapa wavuvi nafasi ya kusema wenyewe mbele ya kamera juu ya baruti iliyokuwa ikiharibu bahari yao. Hapo mvuvi hakuwa mchezaji tu. Alikuwa mwenye neno.

Twapenda wafugaji nao wafundishe hivyo. Tutwae mfano wa kuku, ambao toka Kilwa hata Lindi mara nyingi ni mali ya mama wa nyumba. Adui yao mkubwa ni kideri. Ugonjwa huu hauna dawa, nao huweza kumaliza kuku wote wa nyumba kwa siku chache, pamoja na fedha ya daftari na sabuni iliyotegemewa. Kinga yake ni chanjo. Ile iitwayo I-2 hutiwa tone moja katika jicho la kuku mwenye afya, ikarudiwa kila miezi minne.

Maneno hayo ni machache, lakini kazi ina siri zake. Mama aliyezoea kuchanja atuonyeshe jinsi ya kumshika kuku asipapatike, kumngojea apepese jicho, na kuiweka chupa mahali pa baridi isipigwe na jua. Aseme wazi kwamba chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuugua, maana wako wanaochanja wakiwa wamechelewa, kisha huilaumu chanjo. Aeleze pia alivyopatana na majirani, kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi. Bwana mifugo akae karibu asahihishe penye kosa, lakini asimnyang'anye mama maneno yake.

Liko na somo gumu zaidi. Katika 2006 na 2007 wafugaji wengi walihamishwa kutoka bonde la Usangu, wakaja mkoani Lindi na ng'ombe wao, Kilwa ikiwamo. Tangu hapo pamezuka magomvi kati yao na wakulima juu ya mashamba, maji na malisho, na damu imemwagika. Picha waliyoitengeneza pamoja, mmoja akionyesha njia ya kunyweshea ng'ombe na mwingine mpaka wa shamba lake la ufuta, haitakata shauri; hiyo ni kazi ya sheria na mabaraza. Lakini yaweza kuwaketisha pamoja watu wasiosemezana.

Basi, wenye kutengeneza picha hizi washike mambo manne. Kwanza, wafugaji wenyewe wachague somo. Pili, picha iwe fupi, na ifundishe kitendo kimoja. Tatu, waliopigwa picha waitazame na kuikubali kabla haijaonyeshwa kwingine. Nne, baada ya kuonyeshwa watu waulizane, na chanjo iwe imekwisha kufika kijijini. Maana picha nzuri isiyofuatwa na chanjo haiokoi hata kifaranga kimoja.

Nanyi wazazi, vijana wenu wanazo simu. Watumeni kwa mama aliye hodari wa kuku kijijini, wampige picha kwa idhini yake akiwa kazini, kisha wawaonyeshe majirani. Ujuzi mwingi umo mikononi mwa watu wetu. Wakizikwa nao, hasara si yao, ni yetu.