Mdogo wangu, usiku hauna mandhari

Mdogo wangu wa Koboko, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka. Umeweka akiba, rafiki yako naye ameweka, na sasa mnataka kulala melini usiku kucha "tukitazama pwani." Vizuri. Njoo ukae hapa, dada yako akupe anayoyajua.

Kwetu maji ni Nile na kivuko ni Laropi: unapanda, soga halijanoga, umeshafika ng'ambo ya Adjumani. Wazee wa Pakwach ndio walioziona meli za moshi, zile za kuteremka mto hadi Nimule, na ile Robert Coryndon iliyokuwa ikitoka Butiaba kuzunguka Ziwa Albert. Mafuriko ya miaka ya 1960 yaliiharibu Butiaba, na safari zile zikabaki hadithi. Basi usiku mzima majini utaufuata mbali, Ziwa Victoria upande wa Tanzania, kati ya Mwanza na Bukoba.

Meli yenyewe ina umri wa bibi. Iliundwa Scotland, ikaletwa Kisumu vipande vipande, ikaunganishwa na kuanza kazi mwaka 1961. Ilisimama 2014, ikafanyiwa matengenezo makubwa, ikarudi majini 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Inachukua abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Ndizi na magunia, mdogo wangu, ndiyo majirani zako.

Sasa sikiliza. Usiku hauna mandhari. Meli inang'oa nanga kama saa tatu usiku, na jua limezama zamani. Utaona taa za mji zikirudi nyuma, kisha giza. Unachonunua ni alfajiri moja tu, kwa hiyo ichague vizuri. Najua mtashawishika kupanda Bukoba kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mpaka wa Mutukula. Msifanye hivyo. Teremkeni Mwanza kwa basi, mchana, mpite Geita na mvuke daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji. Mawe ya Mwanza yaliyosimama ziwani myaone kwa jua la jioni. Halafu rudini na meli.

Kwa nini? Bukoba iko magharibi ya ziwa. Ukiingia asubuhi, jua linachomoza mgongoni kwako na kupiga moja kwa moja majabali ya pwani na kisiwa cha Musira. Ukienda kinyume chake, jua linakupiga machoni. Na huhitaji kengele ya simu: meli hutia nanga Kemondo kabla ya Bukoba, na kelele za wapakuzi zitakuamsha hata kama umelala kama gogo. Ukisikia Kemondo, vaa sweta, panda sitahani.

Kuhusu tiketi, lipeni kitanda. Usinibishie. Mimi safari yangu ya kwanza ya usiku, kwenye chombo ambacho sitakitaja, nilibana senti nikakaa benchi la daraja la tatu. Nilikesha nimekumbatia mkoba kama mtoto mchanga, na kulipokucha, saa ile niliyoilipia, nikasinzia! Nunueni dirishani, kwa jina lenu, wala si kwa kijana wa getini mwenye "dada, kesho zimejaa." Ratiba ulizeni siku mbili kabla, maana hubadilika.

Kitambulisho cha taifa kinatupeleka Kenya na Rwanda, Tanzania hakitoshi. Chukueni pasipoti au hati ya muda, na kadi ya homa ya manjano. Chakula bebeni kidogo. Chapati na karanga zinavumilia, ila samaki wetu angara wa kukaushwa waacheni nyumbani, chumba ni kidogo na mwenzako ana pua.

Jambo moja siwezi kuliruka. Njia hiyo hiyo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, imejaza watu kupita kiasi. Mamia walikufa, na Igoma kuna makaburi yao. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, gati likionekana kwa macho, zaidi ya watu 200 wakapotea. Sikuambii haya ili ughairi. Ukipanda tu, kabla ya kupiga picha, tafuta jaketi la kujiokolea liko wapi, ulivae ujue kamba zake. Ukiona watu wamesimama hadi kwenye ngazi, shuka, nauli iende. Na mkifika Bukoba, watu watakimbilia upande wa gati wote kwa pamoja. Nyie kaeni. Kamba zifungwe kwanza, ndizi zishuke, wenye haraka washuke.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Mutukula, kisha Masaka, Kampala, na lile basi letu la usiku mnalolijua. Ukipita sokoni Bukoba, niletee senene waliokaangwa. Kumbikumbi wa kukulipa ninao.