SOMO: TUSILIPE MSINGI TUSIOUONA



Wengi wetu katika mashamba ya miwa na chai ya Uganda, na katika viwanda vya Jinja, tunaishi katika nyumba za kambi. Siku kazi inapokwisha, nyumba inabaki kwa mwajiri. Ndiyo maana tukipata kiinua mgongo au mkopo wa chama cha akiba, tunakimbilia kujenga nyumba ndogo nyumbani kwetu. Fedha hiyo hupotea upesi kwenye msingi, maana msingi ni kazi inayofukiwa. Ukuta uliopinda tunauona. Zege hafifu hatulioni mpaka nyumba ipasuke. Basi kanuni yetu ni moja: tusilipe kazi ambayo hatujaiona na kuipima kabla haijafukiwa.

1. Tuijue ardhi
Kabla ya kupatana bei, tuchimbe shimo la majaribio katika pembe mbili za kiwanja. Udongo wa juu wenye mizizi haubebi nyumba. Udongo mweusi wa mbuga huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Hapo tutafute mhandisi atushauri. Fundi anayetaja bei bila kuona ardhi anabahatisha, na baadaye atadai nyongeza.

2. Tupige hesabu wenyewe
Tuchukue nyumba ya mita 8 kwa 6, yenye ukuta mmoja wa kati wa mita 6. Mitaro yote ni mita 34. Ikiwa upana ni sentimita 60 na kina sentimita 90, udongo wa kuchimba ni kama mita za ujazo 18. Zege la unene wa sentimita 15 ni kama mita za ujazo 3. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 3 na kokoto 6, inahitajika kama mifuko 14 ya kilo 50. Fundi akitaja 25, aeleze sababu. Akitumia 7, tumsimamishe. Mifuko mitupu ihesabiwe jioni.

3. Mapatano yaandikwe
Yawe na vipimo, bei na tarehe, na yatiwe sahihi mbele ya mashahidi. Vifaa tununue wenyewe; fundi alipwe kazi yake. Malipo yawe kwa hatua: mitaro ikiisha, zege likiisha, mawe yakifika usawa wa sakafu. Sehemu ya kumi ibaki mpaka msingi wote ukaguliwe.

4. Tukague kabla ya kufukia
Pembe tuzipime kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya ncha hizo iwe mita 5 kamili. Chini ya mtaro pawe pagumu, pakavu na sawasawa. Zege likishamwagwa, lilowanishwe kwa maji siku 7. Kama hatuna ruhusa kazini, tumtume ndugu anayeaminika akiwa na futi kamba na karatasi ya mapatano.

5. Tusisahau wachimbaji
Hapa sisi ndio waajiri. Mkandarasi tukimbana bei kupita kiasi, atawapunja vibarua. Ujira wao uandikwe katika mapatano, nao walipwe mbele yetu. Udongo uliochimbwa uwekwe mbali na ukingo, na mtaro wa kina utegemezwe kwa mbao. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unataka wachimbaji walindwe wasiangukiwe na udongo. Tunayodai kwa tajiri, tuyatimize kwetu.

Maswali ya kujadili tawini
1. Kwa nini ni hatari kumlipa fundi fedha zote siku ya kwanza?
2. Nyumba ya mita 6 kwa 5, isiyo na ukuta wa kati, ina mita ngapi za mitaro?
3. Kibarua akiumia mtaroni, nani atamtibu? Je, mapatano yetu yanasema?